Kishungi cha Ndoo ya Delfina

Delfina Zárate alichuma nyanya kama mtu anayekamua ng'ombe wawili kwa mpigo, na ndoo yake ilijulikana ukiwa bado mbali. Ndoo zetu sisi zilifika kwenye lori zimejaa, basi. Yake ilifika na kishungi: nyanya zilizopangwa juu ya ukingo, kubwa chini, ndogo juu, zimeshikana vizuri hata akikimbia nayo begani hakuna inayodondoka. Vijana walijaribu kumwiga, nyanya zikawamwagikia shingoni.

Nilimfahamu tangu nyumbani, milimani Oaxaca, ingawa kijiji chao kilikuwa ng'ambo ya mto na sisi tulikuwa tunawasema kuwa ni watu wa kujiona. Huku kusini mwa Florida mto ule haupo, kwa hiyo tukawa ndugu. Yeye ndiye aliyemshika mwanangu wa mwisho siku ya ubatizo, na tangu hapo tunaitana komadre, maana mtoto ni mmoja na mama ni wawili, mmoja wa kuzaa na mmoja wa kanisani. Komadre hapingwi ovyo. Akikukosea unameza, na wewe ukimkosea unapika.

Nasema haya ili ieleweke kwa nini nilichelewa kumwambia neno ambalo wenzangu wote walikuwa wanalisema pembeni, kwamba kishungi chake kinatuponza.

Zamani kishungi kilikuwa amri. Ulikimbia na ndoo mpaka kwenye lori, ukaitupa juu, na yule aliyesimama juu ya lori akaitazama. Akiuona ukingo, alikurudishia. "Jaza." Ukarudi mstarini, ukaongeza, ukakimbia tena, na mwisho ulipewa kipande kimoja tu cha malipo, kile kile ambacho ingestahili ndoo ya mfuto, iliyoishia ukingoni. Zilizokuwa juu ya ukingo hazikuwa na kipande. Zilikuwa jasho letu na faida ya mwingine, na mtu akilalamika aliambiwa kesho apumzike. Kwetu mnyapara akikwambia upumzike, maana yake usije tena.

Harakati zetu zilianzia uani mwa kanisa, kwenye viti vya plastiki. Wengi wetu hatukusoma sana, na lugha zilikuwa nyingi, Wazapoteki hapa, Wamixteki pale, Wahaiti upande wa pili. Basi mtu mmoja akachora ndoo kwenye shuka kuukuu, akapiga mstari mwekundu juu ya ukingo. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Tulilibeba shuka lile mpaka miji ya mbali, mbele ya maduka makubwa yanayouza nyanya zetu, tukawaeleza wanunuzi. Wengine walitupita kama nguzo. Wengine walisimama, wakauliza, wakaingia ndani kumtafuta meneja. Ilichukua miaka. Mwishowe maduka yakaanza kutia saini, moja baada ya jingine, kwamba hayatanunua kwenye shamba lisilofuata masharti. Shamba letu nalo likakubali, maana nyanya zisizonunuliwa huoza.

Delfina alikuwemo tangu siku ya viti vya plastiki. Alitembea mpaka miguu ikavimba. Alipika maharage kwenye sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto. Mara nyingi yeye ndiye aliyeshika upande mmoja wa lile shuka. Ndiyo maana yaliyofuata hatukuyaelewa.

Siku ya kutangaza masharti tulikaa shambani chini ya turubai jeusi la kivuli, na ule muda wa kukaa ulihesabiwa kuwa kazi. Kamati ya harakati zetu ilimleta Odilia, mama wa makamo aliyekuwa mchumaji kama sisi kabla mgongo haujamkataa. Aliinua ndoo iliyojaa nyanya, akapitisha kiganja juu ya ukingo.

"Hapa," alisema. "Ikifika hapa imejaa. Anayetaka zaidi, apande zake."

Tulicheka. Hata Rutilio, mnyapara wetu, alicheka, mikono kifuani. Odilia akaendelea na masharti mengine, kwamba tuwe na maji, kivuli na choo, na kwamba mtu akiumia kazini asifukuzwe, apelekwe zahanati na apewe kazi nyepesi mpaka apone. "Lakini lazima aseme," alisema. "Usipotaja maumivu yako hakuna atakayekutajia."

Kesho yake ndoo zilipanda kwenye lori zikiwa za mfuto, na wengine wetu tulikuwa tunatabasamu peke yetu kama vichaa. Kisha akaja Delfina na kishungi.

Aliyemwanza alikuwa Silvano, kijana ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo.

"Bibi, jana ulikuwa umesinzia?"

"Sikusinzia."

"Sasa hizo za juu ni za nani?"

"Za Mungu."

"Mungu hali nyanya mbichi, bibi. Zitamtia kuhara."

Delfina alimpita. Wilner, yule Mhaiti aliyekuwa juu ya lori, aliipokea ndoo, akaitazama, akamtazama mwenyewe. "Mama, siku hizi hatudai hii," alisema kwa upole.

"Mimina, mwanangu. Nyanya haziumwi."

Tulidhani ni mazoea. Mkono uliopanga kishungi miaka yote hiyo hauwezi kusahau kwa usiku mmoja. Lakini juma likapita, na jingine, na kishungi kikawa kile kile. Rutilio si mtu wa kupiga kelele. Hakumwambia mtu yeyote ajaze, maana angesema hivyo tungepiga simu kwa kamati. Alichofanya ni kusimama karibu na lori, na kila Delfina alipofika alisema kwa sauti ya kusikika, akimwita Doña kama bibi wa heshima, "Haya tazameni ndoo ya Doña Delfina. Mwanamke wa umri huu. Na wala hajalazimishwa."

Baada ya hapo nilimwona msichana mmoja mgeni akiongeza nyanya moja juu ya ukingo. Kesho yake mbili. Kisha jirani yake, asionekane mvivu. Mimi ni mtu wa kuangalia. Nina watoto watatu na karatasi zisizokamilika, na mwenye vitu hivyo viwili hujifunza kutazama mikono ya watu kabla ya midomo yao. Niliona kishungi kinarudi polepole, kama magugu baada ya mvua, na hakuna aliyeamuru.

Odilia alinikuta sokoni nikichagua pilipili.

"Wewe ni komadre wake," alisema.

"Ndiyo."

"Basi zungumza naye. Mimi nikimwendea itakuwa kamati imemwendea, na yule mama ana kiburi. Wewe nenda na sabuni yako tu, kama unaenda kufua."

"Na akikasirika?"

"Atakasirika. Lakini tukiwa na mstari mzima wenye vishungi, Rutilio atasema watu wanapenda wenyewe. Tutakuwa tumetembea bure."

Nilinunua pilipili nyingi kuliko nilizohitaji. Nikirudi nyumbani niliwaza mambo yangu ya kawaida. Tukikosana nani atawaangalia watoto siku basi likichelewa? Na Rutilio akisikia nimekuwa mjumbe wa kamati? Mume wangu aliniambia, "Wewe unaanza kuogopa kabla ya kitu chenyewe kufika." Nikamwambia kikifika nitakuwa nimeshajizoeza.

Jumapili nilikwenda na kapu la nguo. Sehemu ya kufulia iko nyuma ya trela anamokaa Delfina na wanawake wengine watatu, na nilimkuta anaanua shuka. Kwanza niliona nywele. Delfina siku zote alisuka msuko mmoja mrefu akauzungusha kichwani kama taji. Siku ile msuko ulikuwa umelala begani kushoto, umefungwa ovyo na kitambaa. Kisha niliona jinsi anavyoanua. Mkono wa kushoto ulifika kwenye kamba. Wa kulia ulifika kifuani ukaishia hapo.

Nilishika ncha ya pili ya shuka. Tulikunja pamoja.

"Umetumwa," alisema mwishowe.

"Nimekuja kufua."

"Komadre, kapu lako lina nguo safi."

Nilitazama kapuni. Kweli, kwa haraka nilibeba zilizokwisha kunyooshwa. Alicheka, nami nikacheka, na pengine ndiyo sababu aliweza kunisikiliza.

"Watu wanasema juu ya kishungi," nilisema.

"Najua wanasema. Unakumbuka nyumbani, ukimwazima jirani mahindi? Unampimia bakuli la mfuto?"

"La hasha. Unampimia mpaka yanamwagika."

"Na akirudisha?"

"Hivyo hivyo."

"Mwenye kupima mfuto tulimwitaje?"

"Mchoyo. Lakini komadre, kule tulipimiana sisi kwa sisi. Leo unanipimia, kesho nakupimia. Hii kampuni imekurudishia lini? Mama yako alipokufa ilikuletea hata unga?"

Delfina alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Alisema mengine akiwa anatazama chini.

"Umeshauona mkono."

"Nimeuona."

"Tangu tulipokuwa tunasimika vigingi vya miche. Nachuma kwa wa kushoto, ndoo naitupa kwa mgongo. Najua kwamba siku hizi sijazi ndoo nyingi kama zamani. Rutilio hajajua. Unajua kwa nini hajajua? Kwa sababu anaangalia kishungi. Nikileta ya mfuto ataangalia aliyebeba, ataona kikongwe mwenye mkono mmoja, na asubuhi nitasikia nipumzike. Nina mjukuu kule anayesoma kwa mgongo huu. Sasa wewe uniambie nifanye nini."

"Sema umeumia. Masharti yapo."

"Masharti nayajua, niliyapikia maharage. Kusema ni rahisi kwa mwenye mkono mzima. Na wewe usinisemee."

Niliapa. Odilia aliponiuliza nilimwambia tu, "Amesikia. Mpe muda." Odilia akasema, "Muda wa nani, wake au wetu?" Nilikuwa nimefungwa katikati. Nikinyamaza kishungi kinaota, na nikisema namvua komadre wangu nguo mbele ya watu. Nililala vibaya siku zile.

Jambo lenyewe halikunisubiri niamue. Ilikuwa siku ya joto, majani ya nyanya yametupaka mikono ule utomvu wa kijani unaokauka ukawa mweusi. Delfina alifika kwenye lori na kishungi chake, akainama, akasukuma kwa mgongo kama alivyozoea. Ndoo ilipanda nusu ya njia ikasimama hewani. Wilner alijinyoosha kuidaka, hakuifikia. Ikaanguka. Nyanya zikabingirika chini ya magurudumu, moja ikasimama kwenye kiatu cha Rutilio.

Hakuna aliyecheka, hata Silvano. Delfina alipiga magoti kuokota, na aliokota kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulining'inia. Rutilio aliutazama kwa muda, kisha akasema kwa huruma kabisa, naamini hata yeye aliiona ni huruma:

"Doña Delfina, umechoka. Kesho pumzika."

Kila mtu alirudi mstarini. Ndani ya basi mimi na Delfina tulikaa sambamba, goti kwa goti. Nilimwambia kwa lugha ya kwetu, wengine wasielewe, "Sasa ameshauona, unaficha nini?" Alitazama dirishani njia nzima. Tuliposhuka akasema, "Nipitie asubuhi."

Nilimpitia. Alikuwa amenisubiri na kitana mkononi. Nilimsuka ule msuko mrefu nikauzungusha kichwani, nikaubana vizuri. Tukaenda kwenye uwanja ambako mabasi huchukua watu. Majogoo yalikuwa yanatembea katikati ya miguu ya watu kama yenye kazi, na mama auzaye kahawa pale alikuwa amekwisha kufungua. Watu walimwona Delfina na ndoo yake wakapunguza sauti.

Rutilio alikuwa mlangoni pa basi.

"Doña, si nilikwambia upumzike?"

"Uliniambia."

"Sasa?"

"Nimepumzika. Nimelala vizuri, asante."

Kicheko kidogo kikapita. Rutilio akanyoosha mkono, akaushika mlango upande wa pili, njia ikafungwa. "Usinitie taabuni mbele ya watu," alisema. "Wewe ni mtu mzima. Nakuheshimu."

Silvano alikuwa mbele yetu, mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, kichwa kimepita chini ya mkono wa Rutilio. Badala ya kupanda alikaa pale pale kwenye ngazi.

"Ingia, kijana."

"Kiatu kinanibana, bosi."

"Kivulie ndani."

"Fundo limekaza. Dakika moja tu."

Akaanza kufungua kamba taratibu, kama mtu anayetegua bomu. Nyuma yetu watu walisogea wakajazana. Hakuna aliyesema tugome, na wala hatukuwa tumepanga. Dereva alizima injini. Niliwaza watoto watatu waliolala kwa jirani na mama yao amesimama mbele ya mnyapara. Lakini nilikuwa nimeshika kiwiko cha Delfina, kile kizuri, na sikukiachia.

"Komadre," nilisema, "ni wewe tu wa kusema. Mimi niliapa."

Delfina alisema kwa sauti ya kawaida, ile ile anayonunulia kitunguu.

"Rutilio, mkono wangu wa kulia haupandi. Umeumia hapa kazini, kwa kutupa ndoo miaka yote. Nimeuficha tangu wakati wa vigingi kwa sababu niliogopa utaniacha. Na kile kishungi nilikuwa nakiweka ili usiniangalie. Masharti yanasema nikiumia nisifukuzwe, niende zahanati, nipewe kazi nyepesi. Ndiyo nasema sasa."

"Hukusema jana."

"Jana niliona haya."

"Tutazungumza huko shambani."

"Tuzungumze hapa, hawa wamesikia. Shambani utakuwa na kazi nyingi."

Rutilio aliangalia watu. Aliangalia simu mkononi mwa Silvano, ambayo sijui ilitoka lini wakati mikono yake ilikuwa kwenye kiatu. Si mtu mbaya kuliko wanyapara wengine. Juu yake kuna mkubwa, na juu ya mkubwa kuna maduka, na nilimwona akiwapitia akilini mmoja mmoja mpaka akafika juu. Akautoa mkono mlangoni.

"Panda, Doña. Tukifika nitamwita wa ofisini akupeleke zahanati."

"Benita ataenda na mimi," alisema Delfina, akimaanisha mimi. Hakuwa ameniuliza.

Silvano akasimama. "Kumbe kiatu hakikuwa kibaya," alisema, akaingia.

Zahanati walisema ni mshipa wa bega, umechanika kidogo kidogo kwa muda mrefu. Walimfunga. Siku za mwanzo alikaa nyumbani akiwa amekasirika, akiwapikia wenzake watatu wa trela vyakula vya sherehe mpaka wakaomba maharage ya kawaida. Halafu alirudi, akapewa kazi ya kufunga kamba za miche, inayofanyika usawa wa kiuno, isiyohitaji kuinua. Rutilio alimwamkia kila asubuhi kwa adabu iliyozidi kidogo.

Kwenye mistari mingine, vishungi vilitoweka ndani ya juma moja. Yule msichana mgeni alikuwa wa kwanza kuacha. Alimfuata Delfina penye kamba zake, akamwambia, "Bibi, mimi nilikuwa nadhani wewe hupati maumivu." Delfina alimwambia, "Na mimi nilikuwa nataka udhani hivyo. Ujinga wa watu wawili." Odilia naye alikuja chini ya turubai na shuka jipya, lile la zamani limechakaa, akamwomba Delfina awaeleze wageni habari ya bega lake. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alieleza, akiwa amekaa, bila kupamba.

Mkono haukurudi wote. Msimu uliofuata daktari alimruhusu kuchuma, mradi ndoo asitupe mwenyewe. Wilner alikuwa anashuka ngazi moja kuipokea. Ndoo zake zilikuwa chache, na jioni nilimwona akizitazama za wengine kwa jicho la wivu, sitasema uongo. Sasa ni mchumaji wa kawaida, na kwa Delfina hilo si jambo dogo kulizoea.

Asubuhi yake ya kwanza nilichukua mstari wa pembeni makusudi. Alichuma polepole, akiongea na mimea kwa lugha ya kwetu. Ndoo ilipojaa mkono wake wa kushoto uliendelea. Ulichukua nyanya moja kubwa, ukaisimamisha juu ya ukingo, ukachukua ya pili na kuiegemeza, na mimi nikauma mdomo. Akatazama alichofanya. Akaziondoa zote mbili, akaziweka chini kwenye kivuli cha mmea, akapitisha kiganja juu ya ukingo taratibu.

"Wilner," aliita, "njoo uchukue. Imejaa."

Ndoo tupu iliporudi, aliinama akaziokota zile mbili, akazitia humo ziwe za kwanza.